Madeni Yamekulemea? Mambo ya Kujua Kabla ya Kumlipa Wakili wa Kufilisika Eldoret

Simu inaita. Namba ngeni, ya tatu tangu asubuhi. Hushiki, maana unajua ni wale wa mkopo. Baadaye kidogo inaingia meseji ya katibu wa sacco, halafu ya msambazaji anayeuliza, "Boss, leo unatuma ngapi?" Kama hapo ndipo ulipo, huenda mtu ameshakunong'onezea neno kufilisika, na pengine akakupa namba ya wakili fulani "anayemaliza madeni". Kabla hujamtumia wakili huyo hata shilingi moja, tenga dakika chache usome hii.

Eldoret ni mji wa watu wanaokopa kwa kalenda. Mbolea na mbegu zinanunuliwa kuanzia Machi, mahindi yanavunwa kuanzia Oktoba, karo inadaiwa Januari, na pesa ya mahindi inaingia wakati inaotaka yenyewe. Katikati hapo kila mtu anajazia. Mkulima wa Moiben anachukua mkopo wa sacco, mwenye agrovet anawapa wakulima bidhaa kwa deni, fundi wa Langas anakopa kwa simu. Msimu ukiwa mzuri hakuna anayesikia kelele. Bei ya gunia ikianguka, deni la mmoja linakuwa la watu watano. Tangu Agosti 2024 tunaitwa jiji, lakini mfuko wetu bado unasikiliza shamba.

Tuchukue mfano. Tumeutunga sisi, lakini ukiupeleka Nandi Road hautakosa mwenyewe. Mama ana duka la vifaa vya ujenzi. Benki inamdai 1,200,000, na hati ya shamba lake iko kwao. Sacco inamdai 600,000, na waliomdhamini ni wenzake wanne. Msambazaji wa mabati anamdai 300,000. Mikopo ya simu, ukijumlisha apu zote, ni 85,000. Jumla ni 2,185,000, na duka linauza nusu ya lilivyokuwa likiuza. Anataka kujua kama akienda kortini na kutangazwa amefilisika, hayo yote yataisha.

Jibu fupi ni kwamba mengine yataisha, mengine hayataisha, na moja litahamia kwa marafiki zake.

Deni si deni moja

Wakili anayejua kazi yake hataanza na fomu. Atauliza kwanza: ni deni gani lina dhamana, na ni lipi halina?

Deni la benki hapa lina dhamana, ambayo ni shamba. Kutangazwa mufilisi hakuizuii benki kuuza kile ulichoiwekea. Watu wengi huenda kortini wakidhani wanaokoa shamba, na sivyo. Kinachoweza kuliokoa, au angalau kulinunulia muda, ni sheria nyingine kabisa, ile ya Ardhi ya 2012. Benki haiamki Jumatatu ikauza Jumanne. Lazima ikupe notisi ya kulipa yenye muda usiopungua miezi 3. Ukishindwa, ikupe notisi ya siku 40 kwamba inakusudia kuuza, kisha dalali wa mnada naye akupe siku 45 za kukomboa mali yako. Kama ni nyumba ya familia, mume au mke alipaswa kukubali kabla haijawekwa dhamana. Hatua moja ikirukwa, wakili ana kitu cha kupeleka mbele ya jaji. Kwa hiyo usitupe bahasha za benki hata kama hutaki kuzisoma.

Kuna lingine ambalo wengi hawalijui. Kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema kwamba mkopo ukishakuwa mbovu, riba haiwezi kupita kiasi cha deni la msingi kilichokuwa kimebaki wakati huo. Yaani kama ulikuwa umebakisha 400,000 ukaacha kulipa, benki haiwezi kukuletea bili ya milioni moja na nusu miaka kadhaa baadaye na kusema ni riba tu. Wakili mzuri atataka hesabu ya benki, mwaka kwa mwaka. Kuna watu wangefaidika zaidi na hesabu hii kuliko na kufilisika.

Sacco ndiyo inauma. Wewe ukitangazwa mufilisi, wadhamini wako hawaachiliwi. Sheria inakufungua wewe peke yako, na wao wanabaki na deni lako. Sacco itageukia akiba na mishahara ya wale wanne, na wale ni watu mnaokutana kanisani, sokoni na kwenye matatu. Hatusemi usifilisike kwa sababu yao. Tunasema waambie mapema, kabla hawajajua kwa makato ya mshahara, na umwambie wakili kwamba kuna wadhamini, kwa sababu hilo linaweza kubadilisha njia atakayokushauri.

Msambazaji wa mabati hana dhamana yoyote, ila ana miguu ya kukimbia kortini. Kwa 300,000 anaweza kwenda Mahakama ya Madai Madogo, inayoshughulikia madai ya hadi milioni 1 na inayotakiwa kumaliza kesi ndani ya siku 60. Au anaweza kukuandikia dai rasmi la kisheria, na siku 21 zikipita bila wewe kulipa wala kulipinga, yeye mwenyewe akaiomba Mahakama Kuu ikutangaze mufilisi. Ndiyo, mdai anaweza kukufilisisha bila wewe kupenda. Kwa hiyo ukipokea karatasi ya aina hiyo, siku ya kumtafuta wakili ni siku hiyohiyo, si ya 20.

Mikopo ya apu ndiyo yenye kelele nyingi na pesa kidogo. Kanuni za Benki Kuu za mwaka 2022 zinawakataza wakopeshaji wa kidijitali kukutisha, kukutukana, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako ili kukuaibisha. Kama bado wanampigia mama mkwe wako, weka rekodi, piga picha ya skrini, kisha ulalamike. Lakini usikubali kelele hizo zikusukume kwenda kortini kwa 85,000 wakati tatizo kubwa liko kwingine.

Kufilisika chenyewe ni nini

Tunatumia Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015. Kesi ya mtu binafsi inaenda Mahakama Kuu, na Eldoret tunayo, kwa hiyo usikubali mtu akutoze nauli ya Nairobi ati korti iko huko tu. Unapeleka ombi ukieleza kwamba huwezi kulipa madeni yako, na unaambatanisha taarifa ya hali yako ya kifedha: una nini, unadaiwa na nani, unapata ngapi. Jaji si mhuri. Anaweza kukataa akiona una uwezo wa kulipa na unatafuta tu mahali pa kujificha.

Akikubali, mali yako inatoka mikononi mwako na kwenda kwa Mpokeaji Rasmi, afisa wa serikali aliye chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, au kwa msimamizi mwingine. Huyo ndiye anayeuza na kugawa. Huachwi uchi, maana sheria inakuachia vifaa vya kazi na vyombo vya nyumbani vya lazima kwa viwango fulani. Wadai wasio na dhamana wanasimama, hawawezi kuendelea kukukimbiza mmoja mmoja. Kwa kawaida unafunguliwa baada ya miaka 3 tangu uwasilishe ile taarifa ya hali ya kifedha, isipokuwa mtu akipinga. Madeni ya ulaghai hayafutwi, wala pesa za matunzo ya mtoto au mke. Aliyefikiria kumkwepa mama wa watoto kwa njia hii atafute njia nyingine, au bora alipe tu.

Bei yake si pesa peke yake. Jina lako linaingia kwenye rejista ambayo yeyote anaweza kuipekua. Kuendesha biashara kunahitaji idhini. Kukopa bila kumwambia mkopeshaji kwamba wewe ni mufilisi kunaweza kuwa kosa. Na kwa wale wenye mipango ya 2027: Katiba hairuhusu mufilisi ambaye hajafunguliwa kugombea ubunge wala uwakilishi wa wadi. Kama unangoja viza ya kwenda kufanya kazi Qatar, muulize wakili kuhusu kusafiri kabla ya kuweka sahihi popote.

Tena, usianze kugawa mali. Kuna ushauri mbaya unaozunguka mtaani: andikisha gari kwa jina la shemeji, hamisha pesa za simu kwenda kwa dada, kisha ndio uende kortini. Msimamizi ana nguvu za kisheria za kurudi nyuma, kuangalia ulichotoa na ulichomlipa mtu mmoja ukiwaacha wengine, na kuomba kifutwe. Miamala ya simu inaacha alama kila mahali. Tunajua, ni kazi yetu.

Milango mingine ambayo wakili anapaswa kukuonyesha

Hapa ndipo unapomjua wakili mwema. Anayeuza kitu kimoja atakwambia kufilisika ndiyo dawa. Mwingine atakuonyesha kwamba sheria hiyohiyo ya 2015 ina milango mingine mitatu.

Wa kwanza ni wa watu wadogo, na unanishangaza kwa jinsi usivyojulikana. Unaitwa utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Kama madeni yako ni kati ya 100,000 na 400,000, huna mali ya kuuzwa, huna uwezo wa kulipa chochote, hujawahi kuingia kwenye utaratibu huu wala kutangazwa mufilisi, unaweza kumwomba Mpokeaji Rasmi moja kwa moja. Hakuna kesi. Ukikubaliwa, wadai wanasimama, na baada ya miezi 12 unafunguliwa. Ukificha mali unatolewa. Jina lako linaingia kwenye rejista hapa pia, kwa hiyo si zawadi. Lakini kwa kijana wa Huruma aliyekwama na mikopo 9 ya apu na deni la chama, huu ndio mlango wa kuulizia kwanza, na kwa kweli anaweza kuujaribu bila kumlipa wakili wa kumsimamia kortini, kwa sababu korti haimo. Mama wa duka la ujenzi hafai hapa. Deni lake ni kubwa mno, na ana shamba.

Wa pili ni agizo la kulipa kwa awamu. Mpokeaji Rasmi anaweza kuagiza ulipe madeni yasiyo na dhamana kidogokidogo badala ya kufilisishwa, ikiwa jumla haizidi kiwango kilichowekwa kwenye kanuni. Unafaa mtu mwenye mshahara, tuseme mwalimu au muuguzi wa Moi Referral, ambaye pesa inaingia kila mwezi lakini inagombaniwa na watu sita.

Wa tatu ni mapatano ya hiari na wadai. Unaandika pendekezo: nitalipa kiasi hiki, kwa muda huu, kutoka chanzo hiki. Mahakama Kuu inaweza kutoa agizo la kukulinda kwa muda mfupi wakati wadai wanapiga kura, na mtaalamu wa ufilisi mwenye kibali ndiye anayesimamia. Kwa mama wetu, mlango huu unastahili kupimwa kabla ya ule mkubwa, kwa sababu duka bado linauza. Msambazaji wa mabati naye anajua kwamba duka likifungwa amepoteza mteja na pesa pia. Mwaka 2020 wadai wa Uchumi walikubali mapatano ya aina hiyo kwa upande wa kampuni, lakini Nakumatt, iliyokuwa kubwa kuliko Uchumi, iliishia kufungwa mwaka huohuo. Mapatano hayaahidi mwisho mzuri. Yanampa kila mtu nafasi ya kuhesabu.

Angalia neno hilo "mtaalamu wa ufilisi". Si kila wakili ni mtaalamu wa ufilisi, na wataalamu wengine ni wahasibu. Muulize wakili wako waziwazi: kibali hicho unacho, au utamleta mwingine, na yeye atalipwa na nani?

Kuhusu jela, kwa sababu najua swali linakuja: deni la kawaida si jinai. Polisi hawana kazi nalo, ingawa hundi iliyoruka na ulaghai ni habari nyingine. Jela ya madeni bado ipo kwa kesi ambazo hukumu imetolewa. Mwaka 2010 Jaji Martha Koome, ambaye sasa ni Jaji Mkuu, aliamua kwamba kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kulipa kunapingana na mkataba wa kimataifa ambao Kenya imeukubali. Mwaka 2012 Jaji David Majanja akasema jela hiyo si haramu moja kwa moja, ila korti lazima ijiridhishe kwanza kwamba mdaiwa ana uwezo na anakataa. Kwa hiyo ukiitwa kortini kueleza kwa nini usifungwe, nenda. Asiyekwenda ndiye anayekamatwa.

Kumchagua wakili, na kumlipa

Ukipita karibu na korti ya Eldoret utakutana na watu wenye faili kwapani watakaokuuliza, "Madam, una kesi?" Wengine ni makarani wa kweli. Wengine ni mabroka. Wakili halali ana cheti cha kufanya kazi kinachoisha kila tarehe 31 Desemba, na kinahuishwa mwaka kwa mwaka. Tovuti ya Chama cha Mawakili Kenya, LSK, ina sehemu ya kutafuta jina na kuona kama wakili huyo ameruhusiwa kufanya kazi mwaka huu. Inachukua dakika mbili na bando kidogo sana. Fanya hivyo hata kama umeletwa kwake na mchungaji.

Bei ina sakafu. Mawakili wanafuata agizo la malipo lenye viwango vya chini, na kushuka chini yake ni kosa kwao, kwa hiyo anayekuambia atakufanyia kesi ya Mahakama Kuu kwa bei ya viatu, jiulize atafidia wapi. Pia makubaliano ya "utanilipa tukishinda tu" si halali kwa kesi za namna hii. Sheria ya Mawakili inayabatilisha. Omba mkataba wa malipo ulioandikwa, wewe uuwekee sahihi. Utenganishe mambo matatu: ada ya wakili, karo za korti na za serikali, na gharama nyingine kama kuwapelekea wadai nakala. Watu hugombana kwa sababu walidhani 60,000 ni kila kitu, kumbe ilikuwa ni kufungua faili tu. Uliza pia kama unaweza kulipa kwa awamu. Hakuna aibu, yeye anajua umekuja kwa sababu huna pesa.

Sasa upande wetu. Ada ya wakili ilipe kwa Paybill au Till ya ofisi ya mawakili, na kabla ya kuweka namba yako ya siri, hakikisha jina linalotokea ndilo lililo kwenye mkataba. Ukiambiwa utume kwa namba binafsi ya "karani" kwa sababu Paybill ina shida leo, ngoja kesho. Malipo ya huduma za serikali mengi yanapitia eCitizen, Paybill 222222, kwa hiyo karo ya serikali haina haja ya kupita kwenye simu ya mtu. Usifute meseji za malipo. Hakuna wakili, afisa wa korti wala mfanyakazi wetu anayehitaji PIN yako ili "kusimamisha madeni". Na yule anayetuma meseji akidai atalifuta jina lako CRB kwa 2,500 ni mwizi. Jina husafishwa na mkopeshaji baada ya deni kushughulikiwa, na ripoti yako unaweza kuipata bure angalau mara moja kwa mwaka.

Siku ya kwanza kwenda kwa wakili, beba kitambulisho, barua zote za benki na sacco, na taarifa ya miamala ya simu yako ya mwaka mzima. Ichukue kwenye apu yetu, upande wa taarifa, itumwe kwa barua pepe, uichapishe kwa saiba. Karatasi hizo zitakuwa nyingi na utaona aibu kuona ulivyotumia, lakini ndizo zinazoonyesha duka lilikuwa likiingiza ngapi, mkopo gani ulilipa mkopo gani, na mambo yalianza kuharibika mwezi upi. Jaji na wadai wataamini karatasi kuliko maelezo. Beba pia orodha ya watu unaowadai wewe. Wafanyabiashara wa Eldoret husahau kwamba nusu ya tatizo ni vitabu vya deni vya wateja, na kwamba mkulima aliyechukua misumari Aprili naye anaweza kupelekwa Madai Madogo.

Kama kampuni yako imesajiliwa kama kampuni ya dhima yenye kikomo, mwambie wakili mwanzoni kabisa, maana taratibu ni tofauti. Jina la biashara pekee halikutenganishi na deni, wewe na duka ni kitu kimoja.

Wakili akichukua pesa na kupotea, Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, iliyo chini ya Mwanasheria Mkuu, inapokea malalamiko bila malipo. LSK ina tawi la North Rift hapa Eldoret unakoweza kuulizia pa kuanzia. Utaombwa nakala ya mkataba, barua mlizoandikiana, na uthibitisho wa malipo wenye tarehe na namba ya muamala. Kama ulifuta meseji, ile taarifa ya miamala bado inazo.